Hesabu kwa Njia ya Posta

Flemingdon Park, Toronto
14 Septemba 2023

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Michelle. Sisi ni wazima. Michelle ameingia darasa la nane na karibu anipite kimo. Nguo zake za mwaka jana tumempa binti wa jirani. Kiswahili anakielewa, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na mimi nimechoka kubishana naye. Nimeona picha ya ua uliolijengea kaburi la mume wangu Murithi. Asante sana. Mwezi ujao anatimiza miaka mitatu tangu atuache, na bado nikifungua mlango huwa natazama kama viatu vyake vipo.

Najua simu haikufai tena tangu masikio yaharibike, na ujumbe wa simu wewe ulishasema ni maandishi ya watu wasio na adabu. Basi nimenunua karatasi na bahasha.

Sababu ya kuandika ni hii. Nimechoka kuosha sakafu kwenye nyumba ya wazee. Nataka kuwauguza wale wazee, si kuwapangusia njia tu. Chuo cha uuguzi kimekubali vyeti vyangu vyote isipokuwa cha hesabu. Nilipata E, na hilo huhitaji kuambiwa na mtu. Lazima nifanye mtihani wao na nipate sitini na tano kwa mia. Naruhusiwa mara mbili tu, Novemba na Aprili. Nikianguka mara zote mbili wanafunga faili yangu, na mimi nitaendelea kubeba ndoo.

Darasa la asubuhi nililopata ni la watu wanaosema Kihispania wanaojifunza hesabu kwa Kiingereza. Mengine yalikuwa yamejaa. Tunakutana chumba cha chini cha kanisa, karibu na kituo cha basi cha Don Mills. Mwalimu ni Bwana Anverali, mhasibu mstaafu aliyezaliwa Dar es Salaam, anakuja kujitolea kutoka Unionville. Aliponisikia mlangoni nikimgombeza Michelle kwenye simu kwa Kiswahili, alicheka akasema, "Dada, ingia. Kiti kimoja kipo, na humu wote tunahangaika sawa." Kitabu chenyewe upande mmoja ni Kiingereza na upande wa pili Kihispania, kwa hiyo nimelipia kitabu kizima na nasoma nusu.

Ninakaa na mama mmoja wa Ekwado anayeitwa Eulalia, miaka hamsini na miwili. Kwao alikuwa muuza vitambaa. Swali likiandikwa kwa Kiingereza halielewi, lakini ukimwelewesha ana jibu kabla sijafungua kalamu. Mimi naelewa swali lote na jibu silioni. Basi mimi namsomea, yeye ananionyesha.

Nakuomba unisahihishie, Baba. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu pekee tuliye naye katika ukoo. Nimeweka karatasi mbili za mazoezi.

Ni mimi mkazamwana wako,
Nyaboke


Nkubu, Meru
12 Oktoba 2023

Mama Michelle,

Nimepata barua yako baada ya siku ishirini na tano. Nilikwenda posta mwenyewe kwa miguu. Huku tu salama. Mvua bado. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Migomba ya chini imeshikwa na ugonjwa, naikata mmoja mmoja. Masikio ni yale yale; kanisani watu wakiniambia jambo natikisa kichwa tu, wananiona mcha Mungu. Mwambie Michelle kwamba babu yake hajibiwi Kiingereza.

Karatasi nimezisahihisha, zimo humu. Sitakudanganya. Kuzidisha ni kuzuri. Kugawanya ni aibu. Swali linasema 864 igawanywe kwa 24. Wewe umeweka 864 kushoto na 24 kulia ndani ya kipembe cha alama ya kugawanya, yaani umegawanya 24 kwa 864. Jibu umeliandika chini wakati mahali pake ni juu. Hatua za kutoa hazipo. 86 toa 72 iko wapi? Nimeona 14 imejikalia pale, imetoka wapi, mbinguni? Mwisho umepata 36, nayo ni sahihi, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Jibu sahihi lisilo na njia mara nyingi limetoka kwa jirani.

Tena umeandika 3,75. Desimali ni nukta, si koma. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja na sijaona mtu akiandika kinyumenyume namna hii.

Rudia zote kumi. Chini ya karatasi ya pili nimeandika Nione. Najua huwezi kuja. Ni mazoea ya mkono.

Baba yako,
Zachariah


Flemingdon Park, Toronto
27 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwetu. Baridi imeingia na theluji ya kwanza ilianguka wiki jana. Ibada ya kumkumbuka Murithi tuliifanya kwa rafiki yetu Cherotich kule Pickering, Wakenya walikuja wengi, na chakula kilibaki mpaka tukafungiwa cha kubeba. Michelle alisoma neno. Alisoma kwa Kiswahili, Baba, aya tatu, na hakuna aliyemlazimisha. Nimefurahi kwamba ndama ni jike.

Mtihani wa Novemba nimeanguka. Nimepata hamsini na nane.

Mtihani huandikwa kwenye kompyuta. Maswali manne nilipata jibu, lakini nilitia koma kama anavyotia Eulalia, na kompyuta ikahesabu kosa. Barua yako iliyosema desimali ni nukta ilifika siku mbili baadaye. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi za jumba letu, na koti bado mwilini. Sikulaumu. Posta ni posta. Lakini nimekaa wiki mbili bila nguvu ya kukuandikia.

Sasa kuhusu kugawanya. Sikuibia kwa jirani. Hivyo ndivyo wanavyogawanya kwao. Namba kubwa inakaa kushoto, ile ya kugawanyia inakaa kulia kwenye kipembe, jibu linaandikwa chini yake. Ile 72 hawaiandiki kwa sababu kutoa wanafanya kichwani, wanaandika kinachobaki tu. Ndiyo 14 yako ya mbinguni. Bwana Anverali naye alishangaa, kisha akasema jibu ni jibu, aandike kila mtu alivyozoea mradi aeleze njia. Eulalia alinifundisha kwa vidole na kwa kipande cha chaki, maana Kiingereza chake hakifiki na Kihispania changu ni salamu tu. Nilielewa kwa asubuhi moja. Jaribu mwenyewe kabla hujanipigia X.

Na neno moja kuhusu kalamu nyekundu. Nilipofungua bahasha nikaona ile rangi, niliifunga tena kwa woga, mimi mwanamke wa miaka arobaini. Nilipofika kwenye Nione nikaigeuza karatasi kifudifudi. Michelle akaniuliza ni nini, nikamwambia ni bili ya umeme. Sababu unaijua, Baba, kwa hiyo sitaieleza.

Nimebakiwa na Aprili tu. Usiniache.

Nyaboke


Nkubu, Meru
15 Januari 2024

Mama Michelle,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tuliila kwa utulivu, mbuzi mmoja, watu wachache. Niliwasha mshumaa pale kwa Murithi na upepo ukauzima, nikauwasha tena. Habari ya Michelle kusoma aya tatu nimeisoma mara nyingi, hata karatasi imelegea pale kwenye mkunjo.

Pole kwa hamsini na nane. Si alama ya mtu asiyejua. Ni alama ya mtu aliyekosa maswali manne kwa koma, na barua yangu ikachelewa.

Ile njia ya mama wa Ekwado nimeijaribu. Nilianza nikitafuta kosa. Nilitumia siku tatu na migongo ya kalenda mbili, nikagawanya namba ndogo, namba kubwa, zenye baki na zisizo na baki. Kosa sikuliona. Ni njia nzima, tena fupi kuliko yangu. Siku ya nne nilijikuta nagawanya magunia ya mahindi kwa njia hiyo bila kukusudia, nikajicheka. Nazifuta X zangu zote za kugawanya. Ya koma siifuti.

Humu kuna maswali ishirini mapya, mengi ya vipimo vya dawa na ya sehemu. Mwuguzi akikosea nukta mgonjwa anakufa, kwa hiyo hapo sitakuhurumia.

Umesema naijua sababu ya wewe kuogopa kalamu nyekundu. Siijui. Mwalimu husema mengi kwa miaka thelathini na mmoja, hawezi kuyakumbuka yote. Tuendelee na hesabu.

Baba yako,
Zachariah


Flemingdon Park, Toronto
19 Februari 2024

Baba,

Sisi ni wazima, Michelle anakusalimu, baridi ni kali. Salamu ni fupi kwa sababu nikizirefusha nitaacha kusema.

Umeandika hukumbuki, basi nitakukumbusha. Baba yangu polisi alikuwa amehamishiwa Meru, ndipo Mkisii nikajikuta kidato cha pili kwenye shule yako. Ilikuwa Jumanne, Juni 1998. Uliniita ubaoni nigawanye sehemu kwa sehemu. Sikujua pa kuanzia. Hukuniambia niketi. Nilisimama na chaki mkononi, wewe umekunja mikono, mpaka kipindi kikakaribia kwisha. Ndipo ukasema, tena kwa upole, hukupaza hata sauti: "Keti, Nyaboke. Hesabu si zako. Wewe utafutiwe mume mapema, akuhesabie."

Wasichana arobaini na wawili wakacheka. Nami nilicheka, ili yaishe.

Tangu siku hiyo hesabu sikuzijaribu tena. Nisikilize vizuri, sisemi sikuweza. Sikujaribu. Hata kwenye mtihani wa mwisho niliandika jina langu na namba yangu nikakunja mikono. Ile E niliipata nimekaa.

Na mume niliyempata akawa mwanao. Kila chenye namba alikifanya yeye, miaka kumi na minne, na mimi nilimwachia kwa furaha. Alipolazwa siku zile za mwisho, nesi alikuja kunieleza dawa ya maumivu, wamempa kiasi gani, wataongeza kiasi gani, baada ya saa ngapi. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Sikuelewa kitu. Mume wangu alikuwa anakufa kwa maumivu na mimi sikujua kama alichopewa ni kingi au ni kidogo, na niliona aibu kuuliza. Siku ile ndiyo niliyoamua kurudi darasani.

Siku ya harusi ulinishika mkono mbele ya wageni ukasema, "Huyu namjua, nilimfundisha mimi." Watu wakapiga makofi. Mimi nikangoja useme lingine, nikangoja miaka yote hiyo. Murithi amekwenda kaburini hajui. Sikumwambia kwa sababu alikupenda.

Sidai uniombe radhi. Nataka tu uache kusema hukumbuki.

Maswali ishirini nimeyafanya, nimekosa matatu, Eulalia amenionyesha wapi. Mtihani ni tarehe 23 Aprili. Ukinijibu, usitumie nyekundu.

Nyaboke


Flemingdon Park, Toronto
6 Mei 2024

Baba,

Salamu. Wiki kumi na moja zimepita na sijapata hata bahasha tupu. Nilihofia u mgonjwa, mpaka Cherotich akanionyesha picha za Pasaka za kwenu, nikakuona umekaa benchi la mbele na tai. Basi u mzima, ila hutaki kuandika. Nami nitakuandikia mara moja tu, kwa kuwa nilisema nitafanya mtihani na nimeufanya.

Tulikwenda pamoja na Eulalia kwa basi la Eglinton. Njiani yeye alikuwa anasoma maneno ya Kiingereza kwa sauti ndogo, mimi nasoma meza ya kuzidisha, na abiria wengine bila shaka walidhani tunasali. Kwenye chumba walitukalisha mbalimbali.

Swali la ishirini na tatu lilikuwa sehemu kwa sehemu. Chupa ina robo tatu ya lita ya dawa, kila kipimo ni moja ya nane ya lita, utapata vipimo vingapi? Niliposoma nikawa niko ubaoni tena, Baba. Nilisikia kile kicheko. Vidole vilikataa kugusa kompyuta na nikaona dakika zinakwenda, tano, sita.

Halafu nikakumbuka mkanda wa kitambaa. Mwezi wa Machi Eulalia aliona nimekwama kwenye maswali hayo, akatoa utepe kwenye mkoba wake, akaukunja mara tatu ukatoa vipande vinane sawasawa. Akakata akabakiza robo tatu. Kisha akaniambia nihesabu vipande. Muuza vitambaa hajui kanuni ya kupindua sehemu na kuzidisha, anajua mkanda una vipande vingapi. Basi kwenye karatasi ya kuchorea nilichora utepe, nikaugawa, nikahesabu. Sita. Nikarudia kwa kanuni yako ya kupindua, ile uliyoniandikia Januari, nikapata sita. Niliandika sita nikaendelea na swali lililofuata.

Matokeo ni mwezi ujao. Nimefaulu au nimeanguka, nitakujulisha, kwa sababu wewe ni babu wa mtoto wangu. Mengine fanya utakavyo.

Nyaboke


Nkubu, Meru
3 Juni 2024

Nyaboke,

Kama wewe na Michelle ni wazima, namshukuru Mungu. Mimi mwili ni mzima.

Barua yako ya Februari niliisoma pale posta nimesimama. Nilipofika nyumbani nikaandika majibu. Niliandika manne, kwa miezi miwili. La kwanza lilikueleza jinsi mkuu wa shule alivyotubana kwa sababu ya alama. La pili lilikueleza wasichana arobaini na wawili ni wengi kwa mwalimu mmoja. La tatu lilisema enzi zile walimu wote walikuwa hivyo. La nne lilikuwa na aya ya Biblia. Kila nikimaliza nilikuwa naisoma barua kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi, naona jibu limeandikwa vizuri na swali halijajibiwa. Zote nimezichoma jikoni.

Nakumbuka. Nilikumbuka hata Januari nilipoandika siijui. Ulivaa sweta iliyofumuka kiwiko cha kulia, na mkono huo ndio ulioshika chaki. Nilikuwa naweza kukusaidia kwa neno moja, kwamba pindua ile ya pili. Sikulisema kwa sababu nilikuwa nafurahia kimya cha darasa. Huo ndio ukweli, na ni mbaya kuliko ulivyodhani.

Siku ya harusi nilikutambua kabla hujashuka kwenye gari. Niliposema nilimfundisha mimi, nilisema haraka ili wewe usiwahi kusema. Nawe ulininyamazia miaka yote, ukanipikia, ukanifulia nilipougua. Kila ulipoweka chakula mbele yangu nilijua. Murithi akiwa hai niliogopa atakavyonitazama. Alipokufa nikaona kwamba sasa nimesalimika. Mtu anamzika mwanawe na moyoni anasema amesalimika. Nimeishi na hilo.

Nilikukosea, Nyaboke. Nisamehe ukiweza.

Liko jambo jingine, na hukulijua. Hukuwa wa kwanza, wala wa mwisho. Yale maneno ya kutafutiwa mume yalikuwa yanachekesha darasa, na mwalimu akipata maneno ya kuchekesha huyarudia. Niliyarudia kila mwaka, miaka mingi, kwa msichana yeyote aliyekwama ubaoni. Nimejaribu kuwahesabu. Nimekaa na orodha za zamani za shule nikashindwa kujua ni nani na nani, maana kwangu yalikuwa mzaha na mzaha haukuandikwa popote. Wewe peke yako ndiye ninayejua anwani yako.

Matokeo siyaulizi. Ukitaka kunipa, nipe.

Zachariah


Flemingdon Park, Toronto
2 Julai 2024

Baba,

Pokea salamu. Joto limeanza, Michelle amefunga shule na analala mpaka saa nne. Amesema nikuandikie hivi, kwa maneno yake mwenyewe: "Babu, mimi niko sawa."

Nimefaulu. Nimepata sabini na nane. Naanza chuo Septemba. Barua ya chuo niliisoma kazini, nikaenda kuirudia peke yangu kwenye chumba cha ndoo, nikalia mpaka msimamizi akagonga mlango. Eulalia alipata sitini na moja. Hesabu zake ni safi, ni maswali yaliyomshinda kuyasoma. Yeye Novemba iliyopita hakufanya mtihani, kwa hiyo amebakiwa na Novemba ijayo, na nimemwambia nitakuwa namsomea kila Jumamosi mpaka ayasome mwenyewe.

Barua yako nimeisoma na nimeiweka. Sijaimaliza moyoni, na sitakudanganya kwamba nimeimaliza. Lakini radhi yako nimeipokea. Umekubali bila kujificha, na sikutegemea.

Kuhusu hao wengine. Wasichana wa zamani wa shule yako tuna kundi letu kwenye simu, tuko mia na zaidi, wa miaka mbalimbali. Niliandika swali moja tu, sikutaja jina lako. Nikauliza ni nani aliyewahi kuambiwa ubaoni kwamba hesabu si zake, atafutiwe mume amhesabie. Nilidhani nitangoja wiki. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wamejibu kumi na mmoja, na hakuna aliyeuliza ni mwalimu gani.

Kwa kuwa ulisema ni anwani yangu tu unayoijua, niliwaambia mwalimu mwenyewe anataka kuwaandikia. Kumi wamekubali, anwani zao ziko karatasi ya pili, na wawili kati yao wanaishi Nkubu hapo hapo, unaweza kwenda kwa miguu. Wa kumi na mmoja ni Gatwiri. Amekataa kutoa anwani. Amesema nikuulize kwanza kama unamkumbuka.

Nyaboke